Kila Anayekula Mkekani

Ijulikane kwa wote kwamba Magloire hakuwa mwizi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa sita katika shule moja ya bweni mjini Kasongo, mtoto wa wakulima wa Wamaza, Mkristo aliyebatizwa akiwa mchanga. Tumbo lake tu ndilo lililokuwa na imani yake lenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulipoanza, wanafunzi Waislamu walitandikiwa mkeka mkubwa nyuma ya jiko. Kila magharibi Bibi Faida, nyanya wa rafiki yake Assumani, alifika kutoka mjini na beseni la vitumbua vya mchele na sufuria ya uji wa tangawizi. Jioni ya kwanza Magloire alimsindikiza Assumani mpaka mkekani. Jioni ya pili alikaa. Jioni ya tatu alikuja na kofia ya kuazima, ameukunja uso kwa huzuni ya mtu aliyeshinda na njaa, akala vitumbua vinne. Baadaye alikwenda kula wali na maharage pamoja na Wakristo wenzake, asije akaonekana anabagua dini.

Mambo yaliharibika siku Direkteri Octave, mkuu wa nidhamu, alipopita chumba cha kulia saa sita mchana na kumkuta Magloire shavu limejaa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Direkteri alisubiri mpaka somo la logiki, yaani mantiki, akaingia darasani bila kubisha.

"Magloire, simama. Wewe si unakulaka futari pale mukekani?"

"Ndiyo, Direkteri."

"Na leo saa sita ulikuwa unakula nini?"

"Sombe, Direkteri. Chumvi ilikuwa kidogo."

Darasa likacheka. Direkteri hakucheka.

"Umefungua saumu mchana kweupe, mbele ya watu! Wazazi Waislamu wa muji huu wametuaminia watoto wao. Wakisikia tunachezea mwezi wao, nitawajibu nini? Kesho unapanda pikipiki, unarudi kwenu Wamaza. Utaonekana hapa siku ya mtihani wa taifa, si mbele ya hapo."

Hapo utani ukamtoka Magloire. Wamaza kulikuwa na mashamba ya mihogo yaliyomjua kwa jina, lakini mwalimu wa logiki hakuwako hata wa dawa. Bila masomo ya miezi hii ya mwisho, mtihani ungemmeza mzimamzima, naye alilijua hilo.

Metre Gédéon, mwalimu wao, alikuwa bado ameshika chaki. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeletewa nyama asiyoitarajia.

"Direkteri, samahani sana. Hiyo ni silojismu kamili! Tangu asubuhi natafuta mufano."

Akaandika ubaoni:

Kila anayekula mkekani amefunga.
Magloire anakula mkekani.
Kwa hiyo Magloire amefunga.

"Kauli mbili, hitimisho moja," alisema, akirudi nyuma kuitazama kazi yake. "Muundo hauna kasoro. Kauli zote mbili zikiwa za kweli, hitimisho haliwezi kukimbia. Asiyelitaka hitimisho atuonyeshe kauli gani imeoza. Magloire?"

Magloire aliukazia ubao macho. Kauli ya pili haikukanushika, bweni zima lilikuwa limemwona akitafuna. Ilibaki ya kwanza.

"Ya kwanza, Metre. Kuko mutu mumoja anakulaka pale, na hafungake."

"Nani?"

"Mimi."

"Basi ni mwizi!" Direkteri alipiga meza. "Anakula chakula cha waliofunga!"

Metre Gédéon alikuwa ameshaanza kufuta ubao kwa furaha isiyofichika. Akaandika tena:

Chakula cha mkekani ni cha waliofunga peke yao.
Magloire hakufunga.
Kwa hiyo Magloire amekula kisicho chake.

Magloire akapiga hesabu. Akikubali amefunga, amevunja saumu. Akikana, ameiba vitumbua. Barabara zote mbili zilikuwa zinafika Wamaza.

Assumani akanyoosha kidole. "Metre, ile 'peke yao' imetoka wapi?"

"Swali zuri. Direkteri, imetoka wapi?"

"Niliitangaza mimi mwenyewe, siku ya kwanza ya mwezi. Inajulikana."

"Lakini vitumbua si vya shule, Direkteri," Assumani alisema kwa heshima. "Ni vya bibi yangu. Yeye mwenyewe muliisha kumuuliza?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Direkteri Octave alikuwa mkali, ila hakuwa mtu wa kuonea.

"Vizuri. Jioni nitamuuliza mbele yenu. Akisema ni vya waliofunga tu, Magloire, usinililie."

Alasiri hiyo Magloire alikunja mashati yake moja moja bila kusema neno la kuchekesha, jambo lililowatisha wenzake wa bweni. Assumani alikaa kitandani akimtazama.

"Na ile kofia, we mutu, ilikuwa ya nini?"

"Nilitaka nifanane na ninyi."

"Ulifanana na kuku amevaa chungu."

Jua lilipotua, Bibi Faida alitua beseni, akasikiliza kesi yote, pamoja na silojismu, ambayo Metre Gédéon alimweleza kwa mikono yote miwili.

"Nani alisema futari ni ya wenye kufunga tu?" aliuliza.

Direkteri akakohoa. "Ni mimi, Bibi. Kwa ajili ya utaratibu."

"Utaratibu! Kwetu, saa ya futari, mupita njia tunamuvuta mukono akae. Tunamuuliza jina. Kama amefunga ao hakufunga, hiyo ni yake na Mungu. Na weye, baba, Ijumaa ilipita, saa ya futari kwa Mzee Amisi, nilikuona na kitumbua mukono wa kuume na kingine mukono wa kushoto. Ulikuwa umefunga?"

Mkeka mzima ulisahau njaa.

"Kauli ya kwanza, ile ya 'peke yao', imekufa," Metre Gédéon alitangaza, kama anayesoma tanzia.

Direkteri alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa mkekani.

"Hakuiba," alisema. "Abaki."

"Abaki," Bibi Faida akaitikia, "lakini kuigiza njaa mbele ya wenye njaa, haiko vizuri, mujukuu wangu. Ningekupa bila ile kofia. Jumamosi uje kwangu unisaidie kutwanga muchele."

Jumamosi Magloire aliamka amechelewa, uji wa asubuhi umekwisha, akakimbia mpaka kwa Bibi Faida tumbo tupu. Walitwanga mchele uliolowekwa, wakachekecha unga, wakarudisha chenga kinuni. Harufu ya iliki ilimzunguka kama mdai. Alitazama huku na huku amtafute hata mtu mmoja anayetafuna ili ajiunge naye, asimpate. Kuomba maji aliona haya: Bibi, pamoja na uzee wake, alikuwa anatwanga huku midomo imemkauka, tena anaimba. Basi Magloire akatwanga naye.

Adhana ya magharibi iliposikika, wamekwisha kurudi na beseni mkekani shuleni, Assumani alimkodolea macho.

"Leo umekula nini?"

"Hakuna kitu."

"Umekunywa?"

"Hata maji."

"Eh! Nia hukuwa nayo, lakini tumbo lako limefunga."

Magloire alilipima jambo hilo kwa uzito uliostahili. Alikuwa amekaa mkekani, na njaa ya kweli. Hitimisho la Direkteri, kwamba Magloire amefunga, lilikuwa limekaribia kuwa kweli, na kauli zake hazikuhusika hata kidogo. Jumatatu angemweleza Metre Gédéon. Ilistahili angalau alama mbili.

Bibi Faida akamtia kitumbua cha moto mkononi. Magloire aliuma. Vyote alivyokula mwezi ule alikuwa amevila ameshiba. Hakujua kumbe vina ladha hii.

Cha pili alipewa bila kuomba.