Mwalimu Ekspresi Ajifunza Kungoja

Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kungoja sentensi ya mtu mwingine ifike mwisho. Wanafunzi walimwita Ekspresi, maana hakusimama kituo chochote. Hata akisema "Haraka haraka," methali ambayo darasa lolote huachiwa limalizie, alidakia mwenyewe "haina baraka" na kusonga mbele. Mkewe alishakata tamaa zamani.

"Baba watoto," alimwambia, "mtu akikuamkia, wewe unaitikia kabla hajafungua mdomo."

"Hajafungua mdomo," alisema naye Ekspresi, sambamba, neno kwa neno.

Sasa mkuu wa shule, mama asiyefanya mzaha na kazi, alikuwa ameagiza kila mwalimu wa lugha awe na daftari la kujitafakari. Kila baada ya kipindi uandike: nimefanya nini, nani ameachwa nyuma, kesho nitabadilisha nini. Ekspresi aliona ni adhabu ya kitoto, lakini hakuwa mtu wa kudanganya kwenye karatasi. Jumatatu aliandika hivi:

"Leo nimemmalizia maneno binti wa fundi baiskeli mara tisa. Ana kigugumizi, nami nilidhani namsaidia. Ameketi bila kusema sentensi hata moja iliyo yake. Alhamisi ni mtihani wa mazungumzo. Asipozungumza Kiingereza dakika mbili peke yake mbele ya mtahini, hapandi kidato. Naogopa aliyemziba mdomo ni mimi."

Daftari hilo lilikuwa na jalada la bluu. Madaftari arobaini na matatu ya wanafunzi nayo yalikuwa na jalada la bluu, na yote alikuwa ameyarundika mahali pamoja. Hapo msomaji ameshajua kilichotokea, na sina haja ya kumcheleweshea uhondo.

Jumanne asubuhi kiranja aligawa madaftari. Moja la ziada likaangukia meza ya nyuma, mbele ya wasichana wawili ambao maishani mwao hawakuwahi kusoma kitu kwa hamu namna ile. Ekspresi aliporudi kutoka ofisini na boksi la chaki, darasa zima lilishapata habari. Daftari lake lilimngoja mezani, limesahihishwa kwa wino mwekundu. Chini ya mstari wa mwisho mtu ameandika: "Umejieleza vizuri. Kesho utabadilisha nini? Hujajibu."

Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kutamani ardhi ipasuke.

Kiranja alisimama. "Mwalimu, samahani, tumelisoma. Tumekaa kikao, tunataka kukusaidia ku..."

"Kufundisha," alidakia Ekspresi.

"Hiyo ni m-m-moja," ilisema sauti kutoka safu ya tatu. Alikuwa binti wa fundi baiskeli, na mbele yake kulikuwa na karatasi na kalamu. "Mimi n-ndiye ninayehesabu."

Mpango wao ulikuwa rahisi. Kila kipindi kikianza, mwalimu atapewa pipi ngumu, na mwanafunzi akiwa anazungumza, mwalimu ataimung'unya. Ekspresi akafungua mdomo akatae, na pipi ikaingia. Ilikuwa ya tangawizi.

Siku ile binti alihesabu mara kumi na nne. Jumatano zikawa tatu tu, na kwa kujishikilia kwenye ukingo wa meza mpaka vidole vikafa ganzi, Ekspresi alimsikia binti akizungumza sekunde arobaini kamili kwa Kiingereza chake mwenyewe. Alitoka darasani anayumba kwa furaha. Nyumbani alimwacha mkewe asimulie kisa kizima cha jirani, mwanzo hadi mwisho, bila kutia neno. Mkewe alimtazama, akaweka mwiko chini.

"Niambie ukweli," alisema. "Wamekufukuza kazi?"

Alhamisi mtahini alikaa maktaba, mzee mpole mwenye tai, aliyebakiza shule mbili za kutembelea siku hiyohiyo. Mwalimu wa somo aliruhusiwa kukaa nyuma, ila akitamka neno moja tu, mtihani wa mwanafunzi unafutwa. Ekspresi alikalia mikono yake yote miwili, ingawa haikuwa mikono iliyomsumbua.

Binti aliingia, akasalimu, akaanza kueleza kazi ya baba yake. "Baba yangu huz-z-z..."

"Huziba pancha," alisema mtahini kwa Kiingereza safi, akitabasamu kwa wema wote wa dunia.

Ekspresi akajiona mwenyewe kwenye kile kiti, tai na tabasamu vilevile. Kila alichotaka kusema kilikuwa kooni, na kukisema ni kumwangusha binti.

Binti alivuta pumzi. "Naomba," alisema kwa Kiingereza, "unin-n-n..." Neno hilo lilimchukua muda kuliko yote, na mtahini, apende asipende, alingoja hadi likatoka. "Uningoje. Bado nasema."

Mtahini aliweka kalamu chini.

Dakika mbili zikapita, zikawa saba. Kwa maneno tu, binti alivua tairi, akauzamisha mpira wake kwenye beseni hadi mapovu yakaonyesha tundu, akasugua, akapaka gundi, akabandika kiraka na kujaza upepo, na kila kitu alikisema mwenyewe, kwa kukwama na kukwamuka. Kule nyuma Ekspresi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kimya kabisa, mabega yakimtikisika.

Mtahini aliandika alama, akaigeuza karatasi ili binti aione: amefaulu. Halafu, kwa kutimiza utaratibu tu, akamwuliza kama ana la kuongeza.

Binti alisema analo, akavuta kiti karibu.