Maganda ya Maneno ya Bibi Mwanne

Zaina aliposhuka kwenye lori la Ruangwa hakungoja hata sanduku lake literemshwe. Alianza kusimulia palepale barabarani: chuo cha ualimu, kitanda cha chuma, mwalimu wa kizungu anayekula papai kwa kijiko. Bibi yake, Mwanne, alibeba sanduku, akamwambia kwamba makatapila ya Nachingwea yanakuja kufyeka pori ili zipandwe karanga za wazungu, mpaka makaburini alikolala Halfani, baba yake Zaina. Maneno hayo yalianguka miguuni pa Zaina yakiwa karanga nzima, punje zingali ndani. Bibi akaziokota, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Kijijini kwao ndivyo ilivyokuwa. Neno likisikilizwa, linaanguka ganda tupu. Lisiposikilizwa, linaanguka na punje yake. Asubuhi wanawake walifagia ua, na kila mmoja alijua jana yake nani alisikilizwa nyumbani kwake.

Siku ya baraza la kuombea makaburi, mzungu aliyekuwa bwana wa mitambo alikuja na gari, akakaa kwenye kiti cha turubai. Zaina ndiye aliyejua Kiingereza, basi akawa mkalimani. Miguu haikumtulia. Bibi hajafika nusu ya maelezo, yeye keshayamaliza kwa mzungu. Karanga nzima zikamfunika vidole.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania kwa Kimwera, "unanisikiliza, au unasubiri zamu yako?"

Watu walicheka. Maneno ya bibi yalikuwa hayajafika, basi baraza likasogezwa mpaka Jumatatu.

Bibi alimkalisha jikoni na ungo wa mtama, akamwambia apepete huku yeye akimsimulia upya, asijibu kitu mpaka mtama uwe safi. Mwanzoni Zaina alisikiliza huku anatafuta jibu. Karanga nzima. Akajaribu kuitikia kila neno, eeh, eeh, kama anayefukuza kuku. Nzima vilevile. Mwisho akachoka kuitikia, na hapo ndipo alipogundua kwamba bibi anavuta pumzi kila anapolikaribia jina la Halfani. Maganda yakaanza kudondoka matupu. Habari zote za chuoni, Zaina alisahau kuzisema.

Jumatatu alitafsiri kila kitu, na pale bibi aliponyamaza, alinyamaza naye. Miguuni pake maganda matupu. Miguuni pa bwana, karanga nzima zilimfika kwenye soksi. Alitazama saa, akashukuru, akazikanyaga akielekea garini. Kuku wakamalizia.

Kesho yake katapila likaja. Dereva, Saburi, kijana wa Nkowe, alimkuta bibi kasimama katikati ya makaburi. Alizima mtambo, akashuka, akavua kofia. Bibi alisema yote tangu mwanzo, na Saburi hakumkata hata mara moja. Zaina aliinama, akapekua chini kwa mikono miwili. Maganda matupu. Punje hakuna.

"Nimekusikia, bibi," Saburi alisema. "Nikikataa mimi, kesho wanamleta mwingine."

Alimshika bibi mkono, akampeleka pembeni kwenye kivuli, akamkalisha taratibu. Kisha akavaa kofia, akapanda, akawasha.

Zaina alikata tawi, akaanza kufagia maganda mbiombio, yasije yakachanganyika na udongo wa baba yake, maana katapila lilikuwa limeshaanza kusogea.