Dawati la Watu Tisa

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, fundi cherehani alikuwa amekwishapunguza sare saba. Tangu serikali ipunguze bajeti ya shule, watoto nao walikuwa wakipungua kimo, na kazi haikumkatikia. Mwaka wa kwanza walipungua shibiri moja. Dawati la watatu likakaliwa na watano bila kusukumana, na mwalimu mkuu, aliyeomba madawati mpaka akalichoka jina lake mwenyewe chini ya barua, akashusha pumzi. Mwaka wa pili dawati likabeba tisa. Wizarani wakaandika kwamba uhaba umekwisha.

Fundi hakufurahia kazi hiyo. Binti yake wa pekee alikuwa darasa la mwisho, wa kwanza kwa hesabu, na ili aufikie ubao ilibidi apandishwe juu ya kamusi tatu.

Mkaguzi alipokuja kutoka wizarani, alipita kati ya madawati akiinua miguu, asije akamkanyaga mtu. Wazazi walikuwa wameitwa. Fundi akanyoosha mkono.

"Bwana mkaguzi, turudishieni chakula cha mchana. Huyu mwanangu alikuwa ananifika begani. Leo hata goti halifiki."

"Nakuelewa, mama. Lakini tuseme ukweli, mtoto wa kimo hiki anakula nini? Kijiko kimoja tu, ameshiba."

"Anakula kidogo kwa sababu anapewa kidogo."

"Hilo nitaliandika," mkaguzi akasema, na kweli akaliandika, kwa mwandiko mzuri.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Shule ilipongezwa kwa kutumia nafasi vizuri, na kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki, vyumba viwili vya madarasa vingefungwa. Kuhusu chakula, barua haikusema kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wazazi wakaambiana, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Mtihani wa taifa binti aliufanya akitembea juu ya karatasi, ameikumbatia penseli kwa mikono miwili. Alichelewa kumaliza, lakini akafaulu vizuri. Akachaguliwa shule ya bweni, kwa ufadhili wa serikali. Ufadhili ulitolewa kwa kilo. Mwalimu mkuu alimpima kwenye mizani ya duka la jirani, akaandika alichokiona, akaomba radhi.

Fundi aliishona sare mpya kwa leso moja ya mfukoni. Binti alikaa juu ya meza ya cherehani, miguu ikining'inia, akimtazama mama yake.

"Mama, umeacha pindo?"

Zamani ndilo lilikuwa neno la kila mzazi: fundi, acha pindo kubwa, huyu atakua. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwambia hivyo. Kitambaa alikuwa ameshakikata, sawasawa na mwili.

"Nimeacha, mwanangu," akasema, akakata uzi kwa meno.