Risasi Isiyo na Risasi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yakaanza kujaa bidhaa na wageni wakaanza kushuka Handeni na bunduki zao, Rehani Semboja alikuwa amewinda nyika zile tangu ujana wake. Alikuwa Mzigua wa Korogwe, mtu wa maneno machache, mwenye leseni na bunduki kuukuu aliyorithi kwa baba yake. Kila kiangazi alikata kibali, akaenda upande wa Handeni, akarudi na kitoweo. Wafugaji wa huko walimjua. Ledama, mmoja wao, ndiye aliyempa maji na mahali pa kulala.

Kiangazi kimoja, majuma mawili baada ya kuua tandala na kupeleka nyama nyumbani, alirudi kwa Ledama asipokewe. Mwenyeji alisimama mlangoni pa boma, fimbo mkononi, uso umekunjamana.

"Mzee Rehani, siku hizi unatega sumu?"

"Sumu? Sumu ya nini?"

"Pale ulipochunia tandala, tumbusi waliokula mabaki wamekufa. Mmoja bado anaburuta mbawa, hawezi kuruka. Mbwa wangu wanapita pale. Watoto wanapita pale."

Rehani aliapa kwa jina la Mungu kwamba hajawahi kushika sumu. Ledama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kiapo hakifufui ndege, na kwamba shauri lile angelifikisha kwenye mkutano wa kijiji. Rehani alijua maana yake. Mwindaji akishatajwa kwa sumu hapati tena njia ya kupita, hata awe na vibali vya nchi nzima.

"Basi tumpeleke ndege kwa daktari," alisema. "Akiona sumu, nipeleke unakotaka."

Walipofika mahali pale, yule wa kuburuta mbawa naye alikuwa amekwisha kufa. Wakamtia kwenye gunia, wakadandia lori la mahindi mpaka Korogwe. Beatrisi, daktari wa mifugo, aliwapokea uani kwake, akampasua ndege juu ya bati. Tumboni alitoa vipande vya kijivu, vingine vidogo kama ulezi. Akavisuuza, akavimimina kiganjani mwa Rehani.

"Unavitambua, mzee?"

Rehani alikwaruza kimoja kwa ukucha. Kilikuwa laini, kikaacha alama. "Risasi," alisema taratibu.

"Ndiyo. Kichwa cha risasi kikigonga mfupa kinapasuka, makombo yanatawanyika kwenye nyama na matumbo. Wewe unaondoka, tumbusi anakula mabaki. Madini haya ya risasi yakiingia kwenye damu, ndege analegea, hali chakula, haruki. Siwezi kuapa bila maabara, lakini sumu ya kutegwa sioni dalili yake."

"Basi ni yeye," alisema Ledama.

"Ni yeye, ila hakukusudia."

Rehani alitazama kiganja chake. Alikuwa amejiandaa kutoka pale ama na hatia ama bila hatia, na sasa hakujua asimame upande gani. Akauliza jambo jingine kabisa.

"Na sisi tunaokula nyama yenyewe?"

"Kata mbali na jeraha, tupa kipande kikubwa. Hasa nyama ya kuwapa watoto. Au tafuta risasi za shaba. Wageni wanazo."

Juma lililofuata Rehani alikwenda Tanga, kwenye duka la silaha.

"Nataka risasi isiyo na risasi," alimwambia mwenye duka.

Yule bwana aliangua kicheko, akidhani mzee anamtegea kitendawili. Alipoelezwa, aliingia stoo akatoka na maboksi mawili yaliyosalia kwenye agizo la wageni. Yote yalikuwa na vichwa vya shaba tupu. Moja vizito na virefu, jingine vyepesi na vifupi.

"Wengi hupenda vizito," alisema. "Lakini shaba ni nyepesi. Ili kichwa kifikie uzito huo, lazima kirefushwe, na mtutu wa zamani unaweza kukikataa, kikayumba hewani. Jaribu kwanza."

Rehani alichukua yote mawili. Nyumbani alisugua mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kisha akaenda porini akabandika karatasi kwenye kichuguu. Vizito vilitawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Kimoja kilipita karatasini kwa ubavu. Vyepesi vilikaa pamoja, ila juu kidogo ya alipolenga. Akarekebisha kilengeo, akachagua vyepesi.

Aliporudi Handeni, Ledama alitaka kuona kwa macho yake, wakafuatana. Asubuhi walimvizia swala dume pembeni mwa korongo kavu. Rehani alitaja jina la Mungu, akafyatua. Swala akaruka, akakimbia kana kwamba hakuguswa, akazama kichakani.

"Umemkosa," alisema Ledama.

Rehani aliona aibu, akailaani shaba kimoyomoyo. Hata hivyo alifuata nyayo, na ng'ambo ya korongo akaona damu kwenye majani. Swala alikuwa amelala, bado anahema. Akamwahi, akamchinja. Tundu la kuingilia na la kutokea yote yalikuwa safi, na nyama ya bega haikupondeka. Matumbo wakayaacha palepale.

Ledama alibaki akiangalia kwa mbali tumbusi wakishuka. Siku zilizofuata aliwapitisha ng'ombe wake pale makusudi, na hakukuta ndege aliyekufa. Hilo halikuthibitisha kila kitu, maana wawindaji wengine walikuwepo na risasi zao za kawaida. Kwake lilitosha, na shauri la mkutano akaliacha. Hakuomba radhi, wala Rehani hakuingoja.

Rehani aliporudi tena Handeni, Nailantei, mke wa Ledama, alimletea maziwa kwenye kibuyu. Ledama alinyoosha fimbo kuelekea vilima.

"Tandala wamepita kule alfajiri," alisema. "Kunywa kwanza, halafu twende."