Uzi Mweusi wa Chupa ya Ndimu

Chupa ilikuwa pale pale dirishani, lakini shingo yake ilikuwa tupu. Mama Pacha aliigeuza huku na huku, akatazama chini ya meza. Uzi mweusi haukuwepo, na mafuta yalikuwa yamepungua vidole viwili. Taulo la mumewe, pale msumarini, lilinukia ndimu.

Alitengeneza mafuta ya kupaka katika chumba hicho cha nyuma, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuandika, chupa zake alizitambulisha kwa nyuzi. Uzi mweupe ni mafuta ya maua, paka utakavyo. Uzi mweusi ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu, paka mahali panapofunikwa na nguo tu, maana jua likiyakuta juu ya ngozi huiunguza kama maji ya moto. Chupa isiyo na uzi ni mafuta ya nazi matupu.

Ndipo akakumbuka kifungo. Jana mumewe alijishonea kifungo cha shati kwa uzi mweusi, mshono kama wa gunia, akajisifu mpaka pacha wakamcheka. Hakuna aliyemuuliza uzi kautoa wapi. Na usiku alilalamika mgongo umemkauka.

Mama Pacha alitazama mkono wake. Doa la kahawia, alama ya tone moja tu la siku zake za kujifunza kazi, lilikuwa bado halijafutika. Mumewe alikuwa fundi wa mabati, na jua likipanda huvua shati. Akachukua sabuni na kanga, akatoka mbio.

Yeye alikuwa mtu wa haya. Hata wateja aliwajibu akiwa nyuma ya pazia. Alipofika kwenye jengo, wanaume sita wakamgeukia. Mumewe, waliyemwita Mnara kwa urefu wake, alikuwa juu ya paa, kifua wazi, mgongo unang'aa. Mama Pacha alimwita. Nyundo ikaimeza sauti yake. Alimwita tena, hola.

Akashika ngazi. Alipanda bila kutazama chini, mpaka kichwa chake kikachomoza kwenye ukingo wa paa.

"Baba Pacha, shuka."

Nyundo ilisimama hewani. "Watoto wana nini?"

"Watoto wazima. Mgongo wako ndio mgonjwa, ila haujajua."

Mnara alishuka nyuma yake. Kwenye pipa la maji mkewe alimsugua mabega kwa sabuni, mara moja, mara mbili, mara tatu, akimweleza habari ya mafuta ya ndimu, huku wenzake wakiuliza kama Mnara sasa anafuatwa kazini kuogeshwa.

"Shemeji," mmoja akasema, "na mimi nimepaka yale yale."

"Wewe hunukii," alijibu, na kicheko kilichofuata kilimshangaza yeye kuliko wote.

Akamfunika kanga yake, akamwambia msimamizi kwamba leo huyu hapandi tena juani. Msimamizi akampeleka ndani kupiga misumari ya dari. Mnara alifanya kazi kutwa akiwa amejitanda kanga ya mkewe, na kila aliyepita mlangoni alimsalimia shikamoo bibi.

Jioni Mama Pacha alimkagua penye mwanga. Mgongo ulikuwa salama, isipokuwa begani palipobaki wekundu mdogo. Akapawekea kitambaa cha maji baridi.

"Nilisahau uzi niliutoa hapo, nikadhani ni nazi," alisema mumewe. Alikuwa amekifumua kile kifungo, na uzi alikuwa ameukunja ndani ya kiganja. Akaufunga kwenye shingo ya chupa kwa vidole vyake vinene, fundo likawa kubwa kama harage.

Mkewe hakulirekebisha. Alivuta shati lake, akatafuta sindano.

"Kingine kikikatika, niambie mimi."

Shati lilikuwa na vifungo vitano. Alivishona vyote, hata vile vinne ambavyo havikuwa na kosa.