Tajiri Aliyetiwa Adabu

"Ruka hapo, Kasuku," mhariri aliniambia, kalamu yake nyekundu ikining'inia juu ya karatasi. "Hilo neno tumelitoa."

Kasuku ni mimi. Kazi yangu pale kwenye kampuni ya vitabu ilikuwa kusoma toleo la zamani kwa sauti, naye akifuatilia kurasa za toleo jipya, isije sentensi ikamezwa njiani. Siku hiyo tulikuwa na riwaya kongwe ya mlinzi mwenye mguu mmoja mfupi, ambaye tajiri wake humwita "kiwete" asubuhi, mchana na jioni.

"Sasa tajiri anamwitaje?"

"Ndugu mlinzi."

Nilicheka mpaka kiti kikalia. "Dada, huyu tajiri kalishwa nini? Kaamka muungwana!"

Hakucheka. Alikitupia jicho kiatu changu cha kushoto, kile chenye soli nene, kisha akageukia dirisha haraka. "Tumekufikiria na wewe," akasema kwa upole.

Kwa upole ule, nikauficha mguu chini ya kiti. Lingekuwa tusi, ningelijibu.

Baba ndiye aliyenisomea kitabu hicho, mwaka ule darasa zima liliponibandika jina hilohilo. Alilitamka wazi kila lilipotokea, bila kulilainisha, nami nikifura kando yake, mpaka ukurasa wa mwisho mlinzi anapolipuka: "Kiwete huyu ndiye anayekukeshea, ulale na miguu yako miwili!" Kesho yake nililibeba jibu hilo shuleni kama jiwe mfukoni. Nilipolitoa, kinara wa matusi alibaki mdomo wazi.

"Tusi likiondoka, mlinzi anamjibu nani?" nilimuuliza mhariri.

"Kasuku, watoto wataumia."

"Na mimi nilikuwa mtoto, dada. Niliumia kwanza, ndipo..."

"Soma, tafadhali. Mtambo unatusubiri."

Nikasoma. Nikaruka, nikaruka tena, kama mtu anayekwepa madimbwi. Kwa mguu wangu huu, sijawahi kuruka kiasi kile.

Kitabu kilitoka na jalada la kung'aa. Nilimpelekea mpwa wangu, nikamsomea mpaka mwisho. Akakunja uso.

"Mjomba, huyu mlinzi ana kisirani tu. Kwani tajiri kamfanya nini?"

Nikamwambia asogee karibu, nikaanza upya tangu mwanzo, kama Baba alivyonisomea, kitabu kikiwa mapajani, kimefungwa.