Vifungo Kumi na Viwili vya Shati

Kidole gumba cha fundi cherehani kilikuwa na elimu yake. Miaka kumi na mmoja kilimpigia mdogo wake simu bila kuomba msaada wa macho: mguu unakanyaga cherehani, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, kidole cha kulia kinashuka kwenye vitufe, simu inakwenda sikioni. Namba yenyewe kichwani hakuwa nayo, wala nyumbani hakuna aliyeiandika. Ya nini, na kidole kipo?

Juzi simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa. Binti yake akamletea ya kioo, tupu kama sahani iliyooshwa. Laini ya zamani ilikuwa kubwa kuliko tundu, basi fundi, aliyekwisha kata magauni ya maharusi kwa kukadiria, akaipunguza kwa mkasi. Ikafa. Wakanunua mpya.

Yangekuwa mambo ya kuchekwa, lakini leo saa sita mdogo wake alikuwa anafanyiwa upasuaji, mji wa mbali. Mwezi uliopita aligoma kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akarudi nyumbani, na daktari akasema uvimbe hausubiri mtu. Safari hii alikubali kwa sharti moja: dada yake ampigie, waombe kwanza. "Nisipokusikia, navaa viatu vyangu."

Hospitali walipigiwa tangu asubuhi. Simu yao iliita mpaka ikachoka.

"Mama, itaje hata nusu," binti alisema. Ilikuwa saa tano na robo.

"Naijua, ila si mdomoni."

Akaweka kidole juu ya kioo, akafumba macho, akabonyeza.

"Haloo, duka la saruji."

Akaomba radhi, akarudia.

"Mama, bado ni saruji."

Fundi akakitazama kidole kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi wake bora amefeli. "Kioo hakina matuta," akasema. "Nimemnyang'anya kipofu fimbo."

Akavuta kipande cha kaki, akamimina kopo la vifungo. Akashona kumi na viwili vya shati, safu nne, vitatu vitatu, vikigusana. Cha katikati, safu ya pili, akakifunga fundo la uzi juu, maana tano ya simu ya zamani ilikuwa na kipele.

"Andika," akamwambia binti. Akafumba macho. Kidole hakikwenda.

"Nini tena?"

"Mguu."

Akakanyaga cherehani, sindano ikapanda na kushuka bila nguo. Hapo kidole kikatembea, hakikusita hata mara moja, na binti akaandika tarakimu kumi, akazipiga. Saa sita kasoro dakika saba.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi."

"Namba ya nani hii? Nimeshavaa kiatu kimoja!"

"Kivue. Tuombe."

Wakaomba. Fundi alimkabidhi Mungu mikono ya daktari, nyuzi zake na sindano zake, akataja na mshono uwe mdogo mdogo. Mwishoni sauti tatu zikasema amina; ya tatu ilikuwa ya muuguzi.

"Haya mama, lete hiyo simu," muuguzi akamwambia mgonjwa.

Hakuna aliyeikata. Yakasikika magurudumu ya kitanda, moja likilia, yakienda mbali.

"Kata basi, mama, salio linaisha," binti akasema.

"Niache," fundi akasema, simu imegandamana na sikio. "Mlango haujafungwa."